Mama Ngoie na Mashine ya Majina

Bel-Air, Lubumbashi
Msimu wa baridi

Kwako Mama mpenzi,

Wavukire, Mama. Nakusalimu nikiwa nimekaa kitandani na blanketi mabegani, maana siku hizi baridi ya hapa haina adabu. Ninyi watu wa milimani mnadhani baridi ni mali yenu peke yenu. Njoo Lubumbashi mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, utatuomba radhi. Goti lako la kushoto linasemaje? Na ile homa iliyokushika njiani, imekuachia kweli, au unamwambia Shangazi umepona ili asikupeleke hospitali? Nakujua. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi, na tangu nilipoisikia sauti yako hata bukari, ugali wa huku, iliyolala naiona tamu.

Najua miwani yako ilibaki nyumbani siku mlipokimbia, kwa hiyo barua hii atakusomea Katungu. Katungu, mdogo wangu, soma polepole na usiruke mistari, hata pale ninapojisema vibaya. Nimeamua kuandika kwa karatasi kwa sababu kila tukizungumza kwa simu mtandao unakatika pale pale penye jambo la maana. Mara ya mwisho, Mama, uliniuliza ujumbe wako ulinifikiaje, nami nikafungua mdomo nijibu, simu ikafa. Swali lako lina jibu refu. Barua hii anaibeba dereva wa Papa Kasereka. Itapita Kasumbalesa, ivuke Zambia, Tanzania na Uganda, iingie Kasindi ndipo iwafikie Butembo. Kwa safari ndefu namna hiyo, nami nina haki ya kusema mengi.

Papa Kasereka ni yule mfanyabiashara wa jumla kutoka kwetu, mwenye malori na maharagwe, ninayemtunzia kompyuta za ofisini. Vita ilipofika upande wenu na vijiji vikaanza kuhama, sisi watu wa Kivu tulioko huku tulikuwa kama vichaa. Kila mtu na simu sikioni, na upande wa pili hakuna anayeitikia. Tulikutana katika ukumbi wa parokia moja ya Katuba, kila mmoja na kikaratasi chake chenye majina ya watu wake. Mtu mmoja anasimama, anasoma majina, anaanza kulia, anakaa. Anasimama mwingine. Nikaona tutalia mpaka jioni na vikaratasi vitapotea. Nikanyoosha mkono, unajua siwezi kukaa kimya, nikasema: nipeni majina yote, na mnipe kompyuta moja.

Ndivyo ilivyozaliwa mashine. Ni kompyuta ya mezani iliyokwisha kuchoka, Papa Kasereka aliitoa stoo. Tumeivua kila kisichohitajika, haina hata kioo. Ndani yake nimeweka Linux, mfumo ambao ukishaupanga vizuri unaweza kufanya kazi miezi na miezi bila kumwita mtu. Sisi wa kazi hii tunaiita seva. Watu wa parokia wanaiita mashine ya majina, na jina lao ni zuri kuliko letu. Pembeni yake kuna kifaa kidogo chenye laini ya simu. Mtu aliyekimbia anaazima simu yoyote, hata kile kisimu cha tochi, anatuma jina lake, alikotoka na alipo. Mashine inapokea, inaandika, inalinganisha na majina ya wanaotafutwa. Ikiona yamekutana, inamjulisha anayetafuta. Namba yake tuliwapa mapadre na makatekista wa huko kwetu, wakaibandika kwenye milango ya makanisa. Ndipo ulipoiona wewe.

Jina la kwanza kwenye orodha ya wanaotafutwa lilikuwa lako. Nililiandika mimi mwenyewe kabla sijaandika la mtu mwingine yeyote, na sikuona haya.

Parokia ilitupa chumba bure nyuma ya ukumbi, pale wanapotunza kanzu za kwaya, na mtandao wa simu unashika vizuri. Lakini mimi siishi Katuba. Kutoka Bel-Air mpaka kule ni magari mawili na subira nyingi. Uzuri wa Linux ni kwamba naweza kuingia ndani ya mashine nikiwa hapa chumbani, kwa kompyuta yangu ndogo na simu, nikaiamuru na kuitengeneza kana kwamba nimekaa mbele yake. Sharti ni moja: iwe inawaka. Ikizimika, mimi ni sawa na mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Na umeme wa hapa, Mama, siwezi kukueleza bila kukasirika, na nimejiahidi kwamba barua hii iwe ya shukrani. Niseme tu kwamba kuna delestaji, yaani mtaa huu unapewa umeme na ule unanyimwa, kwa zamu ambayo hakuna aijuaye. Unaweza kukatika mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Wiki za kwanza, kila ulipokatika, mashine ilizimika na kalamu mkononi, kama mwanafunzi aliyenyang'anywa daftari katikati ya neno. Siku moja iliwaka tena na majina ya asubuhi nzima yalikuwa yameharibika, hayasomeki. Sijui yalikuwa ya nani. Nililia mpaka mwenye nyumba wangu akagonga mlango kuuliza nimefiwa na nani.

Basi nikakunja mikono ya shati. Papa Kasereka alitoa betri ya lori na konvertisa, kile kisanduku kinachogeuza nguvu ya betri kuwa umeme wa nyumba. Nikaipanga mashine iandike kila jina mara mbili, sehemu mbili tofauti. Kila saa inatuma nakala ya orodha ofisini kwa Papa Kasereka. Betri ikikaribia kuisha, mashine ifunge vitabu vyake yenyewe, izimike taratibu. Umeme ukirudi, iamke yenyewe bila kuguswa. Betri ile ilitosha kuibeba nusu siku. Nikajisifu. Nilimwambia Papa Kasereka kwamba sasa umeme ukatike mpaka uchoke wenyewe.

Mashine iliendelea kufa.

Umeme ukikatika, mashine inakufa. Umeme ukirudi, baada ya muda mashine inaamka. Kana kwamba betri haipo. Na ujumbe unaotumwa mashine ikiwa imelala, mara nyingine mtandao unausubirisha, mara nyingine unaupoteza tu. Mtu wa kuazima simu hatumi mara ya pili. Kila mashine ilipozimika nilikuwa nakuona wewe, Mama, umesimama mahali nisipopajua, unamrudishia mtu simu yake na kusema asante. Wiki saba nilikaa na picha hiyo.

Nikabadilisha betri. Nikabadilisha konvertisa. Nikaenda sokoni nikamgombeza muuza betri mbele ya wateja wake, maskini, mtu asiye na kosa lolote. Nimekwisha kumwomba msamaha, akacheka, akaniuzia betri nyingine. Kisha nikaisoma shajara ya mashine. Linux huandika kila kinachotokea, dakika kwa dakika, kama wewe ulivyokuwa ukiandika mahudhurio. Shajara ilisema: umeme umekatika saa tatu na dakika kumi, tunatumia betri, betri imejaa. Dakika tatu baadaye, kimya. Siku nyingine dakika nne. Siku nyingine mbili. Hakuna kwaheri, hakuna kuagana. Na jambo la ajabu kuliko yote, siku za Jumapili haikufa hata mara moja. Umeme ulikatika Jumapili kama siku nyingine, na mashine ikaendelea na kazi mpaka ukarudi.

Nilikesha nikitafuta kinachotofautisha Jumapili na Jumatatu. Nikafikiri ni joto la chumba. Nikafikiri ni mashine za kusaga unga za jirani. Mwishowe nikafikia uamuzi ambao hata sasa unanitia aibu: kuna mtu anatuhujumu. Kuna mtu pale parokiani hatupendi sisi watu wa Kivu, na anaizima mashine makusudi. Nikaandika barua kwa kamati, karatasi mbili, maneno makali, unaujua ulimi wangu na kalamu yangu ni kali kuliko ulimi. Nikampa Papa Kasereka aipeleke. Aliisoma taratibu, akaivua miwani, akaitia barua kwenye droo ya meza yake.

"Masika," akasema, "enda kwanza uone na macho yako. Barua haitaoza."

Nikaenda siku ya Jumanne. Nikakaa kwenye kiti nyuma ya kanzu za kwaya, nikasubiri kama polisi. Mashine inavuma, taa yake inawaka. Karibu saa nne umeme ukakatika, ukumbi mzima ukanyamaza, konvertisa ikalia mlio wake, na mashine ikaendelea. Nikatazama saa. Baada ya dakika kama tatu nikasikia kandambili zinakuja mbio uani. Akaingia Mama Ngoie.

Mama Ngoie ndiye anayefagia ukumbi na kupanga maua ya altare. Mama wa makamo, mnene kidogo, baba yake alikuwa mtu wa reli aliyekuja huku kutoka kaskazini ya Katanga. Nilikuwa nimemsalimia mara nyingi, salamu za mtu anayepita. Akapangusa mikono kwenye kikwembe chake cha kiunoni, kidole kwa kidole. Akainama, akachomoa waya wa mashine kwenye konvertisa, akaukunja vizuri, akaufunga kwa uzi, kisha akatoa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi na kuifunika mashine yote, mpaka pembeni. Kelele ya mashine ikaisha. Akaipiga kofi dogo kwa juu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Ba Mama," nikasema, "unafanya nini?"

Alishtuka, kisha akaniona, akajibu kwa Kiswahili cha huku, ambamo umeme ni courant. "Aa, ni weye, mutoto. Courant inaenda. Minachomoa mashini. Ikirudiaka, inarudiaka na nguvu, inaunguza bintu ya bantu. Televizio ya dada yangu iliungua vile. Frigo ya ba père ba parokia nayo. Mi nikasema hapana, hii iko na majina ya bantu beko mu vita. Hii haitaungua mu mikono yangu."

"Kila siku unachomoa?"

"Kila siku. Tena mbio. Naachaka hata maji ku robinet inamwangika."

"Na dimanche?"

"Dimanche haiko ya kazi, niko mu misa, mutoto," akasema, na uso ukamwanguka. "Njo roho inanisumbua mpaka mwisho wa misa. Nasemaka, Bwana, courant isiende leo."

Mama, nilikaa chini pale pale sakafuni. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Wiki saba mashine yangu iliuawa kila siku na mtu aliyeipenda kuliko sisi wote. Hapa Lubumbashi kila mwenye akili anachomoa vitu umeme ukikatika. Hakuna anayefundishwa, watu wanakua nayo. Mimi nilikuwa nimepanga kila kitu kwa ajili ya umeme na sikumpanga mtu. Nilijua mashine inafanya nini kila dakika, sikujua kuna mwanamke anayeacha bomba linamwagika kwa ajili yake.

Nikamweleza. Nikamwonyesha betri chini ya meza, aliyodhani ni ya gari la padri, nikamwonyesha waya unavyotoka huku kwenda kule. Alisikiliza ameweka mikono kiunoni. "Papa yangu alikuwa mu train ya makala," akasema, ndiyo makaa ya mawe. "Banabebaka makala nyuma, train inajilisha. Kumbe hii betri njo makala yake." Kisha akanigeukia, na sauti ikabadilika. "Na mi nilikuwa naichomoa ku makala yake. Sasa weye, mutoto, unakuja hapa, unanipita, unarudia kwako. Juu ya nini haukunieleza? Niko hapa kila siku."

Nilisema tu, "Unisamehe, Ba Mama." Akanipa kandambili zake nivae kwa sababu nilikuwa nimelowa, lile bomba lilikuwa limefurika hadi mlangoni.

Na usifikiri mimi ndiye niliyekuwa mwalimu siku hiyo. Nilimuuliza umeme ukirudi anafanyaje, akasema hairudishi mashine kwenye umeme hapo hapo; anasubiri kumi moja la rozari, yaani Salamu Maria kumi, maana umeme wa kwanza ni wa uongo, unakuja, unakwenda, unakuja tena. Mimi nilikuwa nimeipanga mashine iamke dakika ile ile umeme unapotokea. Siku betri ingeisha kweli, ingeamka na kujeruhiwa hapo hapo. Nikabadilisha mpango pale pale: isubiri umeme utulie muda wa rozari ya Mama Ngoie, ndipo iupokee. Nimefanya kazi hii miaka mingi, Mama, na hilo sikulisoma katika kitabu chochote.

Tangu siku ile mashine haikufa tena. Mama Ngoie akawa mlinzi wake. Nilimfundisha kusoma taa za konvertisa, kuongeza betri ya pili kabla ya kutoa ya kwanza, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Alifunga nyuzi za sufu nyekundu kwenye waya mmoja asikosee. Akaniomba nimchapishie orodha ya wanaotafutwa, akaibandika ukutani juu ya mashine. Nilidhani ni mapambo.

Kisha kabini ya umeme ya mtaa wao, yaani transfoma, ikaungua. Moshi mweusi, watu wakakimbia kuutazama, na mafundi wakasema itachukua siku kadhaa. Betri yetu ni ya nusu siku. Nilikuwa hapa chumbani, nikaingia ndani ya mashine kutoka mbali, nikaanza kuipunguzia matumizi: nikafunga kila kazi isiyo ya lazima, nikaipunguzia mwendo, nikaiacha na mambo mawili tu, kupokea ujumbe na kuandika jina. Hata hivyo nguvu ya betri ilizidi kushuka mbele ya macho yangu. Niliona itafika jioni na si zaidi. Nikajiandaa kuiona ikifunga vitabu.

Asubuhi yake ilikuwa bado inawaka. Na nguvu ya betri ilikuwa imepanda. Umeme hakuna, betri inapanda. Nilifikicha macho, nikampigia simu.

"Ni betri ya chorale," akasema, kwa sauti ya mtu mwenye kazi nyingi. "Ile ya micro. Ya kwetu tumeipeleka na borokoto kwa ule papa anasoudé, iko na groupe. Ikiyala tunarudisha, tunapeleka ingine."

Borokoto ni lile toroli la gurudumu moja. Kwa maneno mengine, Mama, akina mama wanne wa parokia walikuwa wanasukuma betri ya lori mitaani Katuba, wakipokezana, mpaka kwa fundi wa kuchomelea mwenye jenereta ili ijae, na kurudi nayo. Kiongozi wa kwaya alikuwa amekataa mwanzoni, kwa sababu Jumapili ile ilikuwa sikukuu ya parokia na vipaza sauti vinahitaji betri. Nilisikia baadaye alichojibiwa na Mama Ngoie mbele ya kwaya nzima: "Mungu anasikiaka bila micro. Mashini haisikiaka bila betri." Wakaimba bila vipaza sauti. Wanasema hawajawahi kuimba vizuri hivyo, ingawa kiongozi bado hajakubali.

Ilikuwa siku ya tatu ya giza lile, Alhamisi, saa nne na robo asubuhi. Nilikuwa ofisini kwa Papa Kasereka nikipanga hati za malori. Simu yangu ikatetemeka. Ilikuwa mashine. Ikaniletea maneno haya, nimeyanakili kama yalivyo:

KAVIRA, MWALIMU, KUTOKA KIRUMBA. NIKO HAI. NIKO NJIAPANDA, KANISANI. SIMU SI YANGU. MJULISHENI BINTI YANGU MASIKA, LUBUMBASHI.

Nani mwingine anayetuma ujumbe wa vita na nukta zote mahali pake? Nilisoma "niko hai" mara nyingi mpaka herufi zikaanza kuogelea. Papa Kasereka alinikuta nimeinamia meza, akadhani ni habari mbaya, akaanza sala ya marehemu. Ikabidi nimzuie kwa mkono. Kisha nikampigia Katungu na Shangazi, na yaliyofuata mnayajua ninyi kuliko mimi: namna Shangazi alivyotafuta pikipiki mbili za kukufuata mji ule wa Njiapanda, na namna ulivyokataa kupanda mpaka uhakikishe akina mama uliokimbia nao wamepata chakula.

Mama, ile simu ilikuwa ya mtu aliyekuwa anaondoka. Wewe mwenyewe uliniambia hivyo kabla mtandao haujakatika. Mashine ingekuwa imelala, ningeendelea kukutafuta hadi leo, na wewe ungeendelea kunisubiri pale kanisani ukidhani nimesikia na nimenyamaza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nilipofika Katuba alasiri ile, nilimkuta Mama Ngoie amekaa kwenye kigoda kati ya mlango na mashine, miguu ameitanua kuzuia watu wasikanyage waya. Mbabula yake, lile jiko la makaa, ilikuwa nje, imewashwa, birika juu yake. Nikamwonyesha simu. Hakusoma yote.

"Kavira? Ule Kavira wa mbele ku liste?"

"Ndiye mama yangu."

"Mama yako." Akaigeukia orodha ukutani. "Minamutajaka kila siku, juu eko wa kwanza. Nikianza rozari, naanza na ye. Sikuyua ni mama yako. Haukunieleza hata ile."

Tukashikana. Alinishika kama unavyonishika wewe, kwa mkono mmoja nyuma ya kichwa. Nilimwambia kila kitu, hata ile barua yangu ya hujuma. Nilikuwa nimeichukua kwenye droo ya Papa Kasereka asubuhi ile ile, nimeibeba kwenye mkoba. Aliomba aione. Akaitazama karatasi zote mbili mbele na nyuma, akaniuliza kama jina lake limo. Nikasema hapana, sikujua ni nani. Akazikunja, akazitia kwenye mbabula chini ya birika, akapuliza.

"Inawaka muzuri," akasema. Tukanywa ile chai.

Kisha akainuka, akachukua kalamu ya padri, akaenda ukutani na kukata mstari juu ya jina lako, mstari mmoja ulionyooka. Nilifikiri ataketi apumzike, maana alikuwa hajalala vizuri siku tatu. Akainama chini ya meza kuangalia taa ya betri.

"Wacha nipime hii," akasema. "Kuko bengine banangoya."

Hiyo ndiyo habari yangu, Mama. Kabini imetengenezwa, umeme umerudi kwa zamu zake za ajabu, na mashine inaendelea. Mimi nimejifunza kusalimu watu vizuri, jambo ulilonifundisha nikiwa na miaka mitatu. Hali ya nchi sitaisemea. Mnaiona ninyi kwa macho, na sisi huku tunaona bei na nyuso za wanaofika. Lakini kila jioni namshukuru Mungu kwa ajili yako, na nikimaliza namshukuru kwa ajili ya akina mama wanne na borokoto lao, kwa ajili ya fundi aliyetoa jenereta yake na hakutaka kutajwa, na kwa ajili ya kwaya.

Nisalimie Shangazi Kyakimwa, uniambie kama bado anaficha sukari. Msalimie mume wake aliyetoa chumba chake ili ulale penye joto, nitamshukuru maisha yangu yote. Wasalimie wale waendesha pikipiki wawili, siwajui majina, ila nawaombea. Wasalimie akina mama uliokimbia nao. Ambaye hajapata watu wake atume jina lake. Wewe Katungu, mdogo wangu, asante kwa kusoma. Mtafutie Mama miwani, hata ya kuazima, kwa sababu jambo la mwisho nataka alifanye yeye mwenyewe.

Mama, tangu mashine ianze kazi Mama Ngoie amelinda ujumbe wa watu wengi, na hajawahi kupata hata mmoja ulio wake. Nyuma ya karatasi hii nimeandika namba. Azima simu ya Katungu, andika jina lake, Mama Ngoie wa Katuba, na umwambie ulivyo: umekula nini, goti linasemaje. Nimeipanga mashine imfikishie kwenye kisimu chake. Na hata ukisikia kwamba siku hiyo huku kote ni giza, tuma tu. Atakuwa amekaa pale pale, na mashine inawaka.

Ni mimi, binti yako, ninayekushukuru kwa kuwa hai,

Masika